Kompyuta ya nguvu na ya kupendeza kwa nyumba ya mawe ya Lamu

"Fundi, salaam aleikum. Mimi hupiga video za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake peke yake. Kazi yote nilikuwa nikiihariri kwa laptopu, na mwezi uliopita ilizima isiamke tena. Aliyeifungua alinionyesha kijani kilichoota ndani, akasema ni chumvi. Sasa nimekusanya shilingi 320,000. Nataka kompyuta ya mezani ya kuundwa, iwe na nguvu ya kuhariri 4K bila kukwama, na iwe nzuri kwa macho, kwa sababu wateja huja nyumbani kutazama kazi kabla sijaikabidhi. Mdogo wangu naye angependa kuchezea gemu usiku. Nimeambiwa nichukue Core i9, pawa saplai ya wati 1000 na mtambo wa kupoza kwa maji, eti ukitumia maji hewa ya chumvi haiingii. Nimependa kasha la vioo mbele na ubavuni, lenye taa za rangi. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe, Mkomani. Nataka niiweke kwenye kidaka kikubwa cha ukutani, niifunike kitambaa na kuiwasha siku za kazi tu ili idumu. Nianze kununua nini? Na ni kweli kwamba kwa bahari yetu hii pesa zote zitaliwa na kutu ndani ya miaka miwili?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole kwa laptopu. Hukusema kama video za wateja zilitoka salama, nami nitalirudia hilo, maana ndilo linalonigusa zaidi katika barua yako yote.

Nikianza na swali lako la mwisho: hapana, si lazima zoezi hili liishie kwenye kutu. Hapa Malindi bahari ni hiyo hiyo, na nina wateja wanaokaa karibu na pwani ambao kompyuta zao zinaingia mwaka wa saba. Lakini katika mpango ulioniandikia, mambo mawili yalinitia wasiwasi kuliko i9 na taa: kidaka na kitambaa. Hayo mawili ndiyo yatakayoiua mashine yako mapema, ilhali wewe umeyaona ndiyo ya kuitunza.

Mwaka jana nililetewa kompyuta kutoka nyumba inayotazama bahari. Ilikuwa na miaka mitatu tu. Skrubu za nyuma zilikuwa nyekundu kwa kutu, moja ikakatika kichwa nilipoizungusha. Feni ya mbele ilikuwa imevaa vumbi nene kama zulia, na nilipoligusa lilininata kidoleni. Halikupeperuka kama vumbi la bara. Nikachomoa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Miguu yake ya rangi ya dhahabu ilikuwa bado inang'aa, lakini kwenye tundu lake, pini kadhaa za mwanzo zilikuwa zimeota ukungu wa kijani kama wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa stoo. Kompyuta hiyo haikuwa imefanya kazi nyingi hata kidogo. Mwenyewe huishi ng'ambo karibu miezi minane ya mwaka, na kila anapoondoka huifunika shuka vizuri.

Ili uelewe kilichotokea, fikiria kikebe cha chumvi jikoni kwenu. Kipindi cha joto kavu chumvi humwagika vizuri; mvua za masika zikianza inalowa na kushikana, ndiyo maana watu hutia punje za mchele ndani. Chumvi ikiwa kavu ni unga tu, haiwezi kufanya mengi. Ila ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chembe ya chumvi hunywa maji mpaka inayeyuka yenyewe na kuwa tone dogo la brini, yaani maji ya chumvi kali. Lamu unyevu huo si wa siku moja moja. Usiku ndiyo kawaida. Tone hilo likitua kati ya pini mbili zenye volti tofauti, umeme mdogo hupita ndani yake na shaba huanza kuliwa. Kile kijani ulichoonyeshwa ni shaba iliyokwisha kuliwa.

Sasa tazama hewa inapopata joto. Chukua hewa ya chumbani ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ipashe moto mpaka nyuzi 38. Maji yaliyomo ni yale yale, lakini hewa ya joto ina nafasi kubwa ya kuyabeba, kwa hiyo unyevu wake unashuka chini kidogo ya asilimia 50. Ndani ya kompyuta iliyowashwa mambo huwa hivyo: bodi iko joto, chumvi imekauka, haina nguvu. Ukiizima na ikapoa, chumvi ile ile inalowa tena. Kompyuta inayolala wiki mbili chini ya kitambaa huwa inalala ndani ya majimaji ya chumvi.

Kwa haki yake, kuwasha nako kuna gharama. Feni zinavuta hewa, na hewa ya Lamu inakuja na chumvi yake. Lakini kati ya mashine inayoingiza chumvi kidogo kila siku huku ikibaki kavu na kusafishwa kwa wakati, na ile iliyolowa ikisubiri harusi ya mwezi ujao, mimi nitachagua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Iwashe kila siku, hata kwa saa moja au mbili ukijibu barua za wateja. Kitambaa chepesi cha pamba sina ugomvi nacho, mradi mashine iwe imezimwa na kupoa, na kitambaa kiondolewe kabla ya kugusa swichi.

Kidaka nakielewa. Zamani vidaka viliwekwa vyombo vya Uchina ili mgeni avione, na wewe unataka mteja aione kompyuta yako vivyo hivyo. Lakini sahani haitoi joto. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto, wote kabisa. Mashine nitakayokupendekeza itavuta kama wati 330 ikifanya kazi nzito, karibu theluthi moja ya pasi ya umeme, na kuitoa video ndefu kunaweza kuchukua saa nyingi. Kidaka kimefungwa pande tano. Hewa ya moto inayotoka nyuma inagonga ukuta, inazunguka na kuingizwa tena mbele, na kila mzunguko huwa moto zaidi. Na vyumba vyetu vya mawe ni vyembamba, upana wake ukifuata urefu wa boriti za mikoko, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo hata chumba chenyewe kitajua kuna kitu kinachemka. Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba za zamani hulizoea wasilione: unga mwembamba wa chokaa unaodondoka ukutani na vumbi la boriti kutoka juu. Usiku mmoja tu unatosha kulipaka kasha weupe.

Weka mashine juu ya meza ya chini, kando ya kidaka, nyuma yake pawe na nafasi ya sentimita 15 au zaidi, na isiwe mkabala na dirisha linaloingiza upepo wa bahari moja kwa moja. Usiiweke sakafuni pia, maana kila anayepita na kufagia hulisha feni. Kidaka kiachie skrini, kama inaenea. Skrini haitoi joto la kutisha, na picha yako ikiwa ndani ya fremu ya plasta ya kale itapendeza kuliko taa zozote.

Kuhusu kupoza kwa maji, aliyekwambia maji yanazuia chumvi amekosea. Mtambo huo una pampu, mipira miwili ya kupitishia maji, na rejeta kama ya gari, ila ndogo. Maji yanachukua joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kulipeleka kwenye rejeta, kisha rejeta inapozwa na nini? Na feni, kwa hewa ile ile ya chumbani. Kadi ya michoro, RAM, madabodi (bodi kuu) na pawa saplai zinaendelea kupigwa na hewa kama kawaida. Umeongeza pampu ambayo siku moja itachoka, umeongeza mapezi membamba ya rejeta ambayo chumvi huyapenda, na hujaondoa chochote. Wala maji hayawezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kwa prosesa nitakayokutajia, kipoza hewa kizuri cha mnara, chenye mirija minne au zaidi ya shaba iliyopakwa nikeli, kinatosha na kubaki. Kitakachoharibika humo ni feni pekee, nayo inabadilishwa kwa bisibisi na bei ya mlo wa familia. Mtambo wa maji ukiharibika ukiwa Lamu, kazi imesimama mpaka mwingine ufike kutoka Nairobi.

Tuingie kwenye nguvu. Watu wanapokwambia i9, ile prosesa kubwa ya Intel, wanafikiria kompyuta kama mashua ya injini: injini kubwa, mwendo mkubwa. Kuhariri video hakuendi hivyo. Faili la kamera yako limebanwa sana. Kila unapokokota mshale kwenye picha, kompyuta inalazimika kulifungua faili hilo haraka, fremu kwa fremu. Kazi hiyo ina kitengo chake maalumu ndani ya kadi ya michoro au ndani ya prosesa yenye michoro yake. Kitengo kikiwa kinaitambua lugha ya kamera yako, 4K inateleza. Kikiwa hakiitambui, mzigo wote unamwangukia prosesa, na hata i9 itahema.

Kwa hiyo kabla hujalipa senti, fungua menyu ya kamera, utafute mahali pa aina ya faili. Utaona namba kama 4:2:0 au 4:2:2, na 8 au 10 za biti. Namba hizo zinaeleza rangi imehifadhiwa kwa wingi gani. Takriban kadi zote za kisasa hufungua 4:2:0 bila shida. Kwenye 4:2:2 ya biti 10 ndiko watu hukwama na kulaumu RAM. Prosesa za Intel zenye michoro yake zimekuwa zikiifungua kwa miaka kadhaa, ikiwa faili limebanwa kwa mtindo wa H.265 (HEVC). Kadi za NVIDIA za kawaida zimeanza na kizazi cha RTX 50 kilichotoka 2025.

Pendekezo langu ni prosesa ya AMD Ryzen 7 9700X pamoja na kadi ya RTX 5060 Ti ya GB 16. Prosesa hiyo ina kori 8, yaani vitengo vinane vya kufanya kazi, na kwa hali yake ya kawaida haivuti zaidi ya wati 88 hivi. Kadi inakula wati 180. Kuwa macho dukani: RTX 5060 Ti inauzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lile lile, na ya GB 8 itakubana kwenye video za 4K zenye marekebisho mengi ya rangi. Mdogo wako atacheza gemu zake kwa raha kwa kadi hiyo. Njia ya pili ya halali kabisa ni Intel Core Ultra 7 265, ambayo kwa video peke yake ni hodari, hasa ukiamua kuchukua kadi ndogo zaidi. Mimi naelemea AMD kwa sababu soketi yake ya AM5, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi, imeahidiwa prosesa mpya mpaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo baada ya miaka mitatu unaweza kubadilisha prosesa peke yake bila kubomoa kila kitu.

Na i9? Wengi wakisema i9 siku hizi wanamaanisha ya kizazi cha 13 au cha 14, mara nyingi iliyotumika. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za vizazi hivyo vya kompyuta za mezani zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Ikatoa marekebisho ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Ukinunua iliyotumika hujui imeishi vipi. Tena ikikazwa huweza kuvuta zaidi ya wati 250 peke yake. Chumba chako hakihitaji jiko la pili.

RAM chukua GB 32 kwa vipande viwili vya 16. Ningetamani uwe na 64, lakini bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vikubwa vya akili mnemba, na pesa hiyo ina kazi mahali pengine. Usinunue vipande vinne; RAM ya kisasa ya DDR5 ikijazwa matundu yote manne mara nyingi hulazimika kupunguza mwendo. Madabodi yoyote ya aina ya B650 au B850 kutoka kampuni inayojulikana inafaa. Dai tu iwe na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa, kwa sababu B650 ya zamani iliyolala dukani huenda isiitambue 9700X. Usiilipie zaidi kwa ajili ya Wi-Fi. Kuta zenu za matumbawe hula Wi-Fi, vuta waya.

Pawa saplai ya wati 1000 haitakuongezea bili, hilo nikutoe hofu: inavuta kinachohitajika tu. Lakini mashine yako inahitaji 330 au zaidi kidogo, kwa hiyo 650 au 750 inatosha kwa miaka yote. Tofauti ya pesa iweke kwenye ubora. Tafuta yenye alama ya 80 Plus Gold, ambayo ikiwa kwenye nusu ya uwezo wake hupoteza takriban sehemu moja tu katika kumi kama joto, na waranti ndefu, miaka saba au kumi. Kiwanda hakiahidi miaka kumi kwenye kitu cha hovyo.

Umeniuliza uanze kununua nini. Kabla ya prosesa na kadi, weka kando kama 45,000 za umeme: pawa saplai hiyo, UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), na ujira wa fundi umeme. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo umeua kompyuta nyingi za pwani kuliko chumvi. UPS iwe ya VA 1500, ambayo kwa kawaida hubeba wati kama 900, na iwe na kirekebisha volti ndani yake ili ikabiliane na volti zinazoshuka na kupanda bila kumaliza betri. Muulize muuzaji kama inatoa wimbi safi la umeme (sine) au la ngazi ngazi. Pawa saplai nzuri za siku hizi wakati mwingine hukataa la ngazi na kuzima palepale umeme unapokatika, jambo linaloifanya UPS kuwa pambo. Dakika kumi zitakutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumba nyingi za zamani ziliwekewa umeme kwa vipande, chumba baada ya chumba, na soketi ya matundu matatu ukutani haimaanishi kwamba tundu la juu lina waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi. Kuna dalili utaitambua mwenyewe. Ukiwa peku kwenye sakafu, ukapitisha mgongo wa kidole juu ya kasha la chuma, unahisi mtekenyo kama wa sisimizi. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachopeleka umeme mdogo sana kwenye kasha, na kazi ya ethi ni kuutoa. Ethi ikikosekana, kasha hukaa na karibu nusu ya volti 240 za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, hautakuua, lakini ni ushahidi kwamba siku kitu kikubwa kikivuja, hakuna pa kwenda ila mwilini mwako au mwa mteja aliyekuja kutazama harusi yake. Jambo hili halipimwi kwa maelezo ya kuandikiana. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aje na kipimo chake, apime ethi ya soketi utakayoitumia, na afanye hivyo kabla kompyuta haijafika.

Sasa uzuri, ambao siudharau hata kidogo. Kasha la kioo mbele naliona zuri dukani, lakini feni zilizo nyuma ya kioo huvuta hewa kwa ufa mwembamba pembeni, kama mtu anayekimbia amefunikwa mdomo. Kioo cha ubavuni hakina tatizo. Mbele pawe na wavu, na nyuma ya wavu kichujio kinachotoka kwa mkono. Weka feni mbili kubwa za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma. Zinazoingiza zikizidi zinazotoa, hewa ndani inasukuma kwenda nje, na vumbi linalazimika kupita mlango wenye kichujio badala ya kuingia kila upenyo. Matundu ya juu yafunikwe kichujio pia, kwa ajili ya boriti. Kila baada ya wiki mbili toa vichujio, vioshe kwa maji matamu, usitumie ya kisima cha chumvi, uvikaushe kabisa kivulini.

Ila wewe uko Lamu, mji ambao mafundi wake wa kuchonga milango wanatafutwa kutoka mbali. Kuna kampuni inaitwa Fractal Design iliyotoa kasha liitwalo North mwaka 2022, lenye fito za mbao mbele badala ya plastiki, na watu duniani wakalipenda. Hilo wazo linakusubiri nyumbani! Nunua kasha la kawaida lenye wavu na uso wa mbele unaochomoka, ukaupeleke kwa mchonga milango. Mwambie akutengenezee fremu ya mbambakofi au mti mwingine mgumu uliokauka sawasawa, yenye fito zilizoachana, na nakshi aiweke kwenye ukingo tu. Ubao uliochongwa mzima bila matundu ni mzuri, lakini utairudisha ile shida ya kioo. Zaidi ya nusu ya eneo la mbele iwe wazi. Aache uwazi wa milimita mbili tatu kila upande, kwa sababu mbao huvimba mvua zikija. Mafuta ya kupakia yakauke wiki nzima kabla ya kuifunga, la sivyo feni zitavuta harufu na unata wake hadi ndani. Taa za rangi, weka utepe mmoja wa rangi ya joto nyuma ya fito, yang'ae kama kandili. Taa hazili umeme wa maana, lakini rangi zinazobadilika karibu na skrini huyadanganya macho yako unaporekebisha rangi ya hina na dhahabu za bibi harusi.

Kwa sababu hiyo hiyo usiiminye skrini. Iwe ya paneli ya IPS, inchi 27, inayoonyesha rangi zote za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Ni afadhali kupunguza daraja la kadi kuliko kumwonyesha mama wa bibi harusi leso ya zambarau iliyogeuka buluu.

Narudi kwenye video za watu. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Kamera mbili kwa saa sita ni GB 540, harusi moja hiyo. Kwa hiyo SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya TB 1 kwa mfumo na programu, nyingine ya TB 2 kwa kazi iliyo mezani, na diski kubwa mbili za nje za kuhifadhi zilizokwisha, zenye nakala zile zile. Moja ikae kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini nyumba nyingine. Wanawake waliovua buibui mbele ya kamera yako wamekuamini wewe, si fundi wa mtaani wala si mimi. Zifunge diski zote kwa nywila kwa kutumia BitLocker, iliyomo ndani ya Windows 11 Pro, na funguo yake ya akiba uiandike karatasini. Siku mashine ikienda kwa fundi, chomoa SSD ya kazi kwanza. Ni skrubu moja tu, na fundi mwaminifu hataona vibaya. Kama zipo video za wateja ndani ya laptopu iliyokufa, usiiwashe tena na usikubali ipulizwe wala kupakwa WD-40. Kwenye laptopu nyingi diski hutoka peke yake na mara nyingi huwa nzima hata bodi ikiwa imeoza. Keti pale inapotolewa na kusomwa. Ukisikia diski inagonga tik-tik, zima papo hapo. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, na kila jaribio la ziada linapunguza nafasi yao.

Kama hujawahi kuunganisha kompyuta, lipa iunganishwe na kujaribiwa dukani siku nzima, kisha uombe kadi na kile kipoza cha mnara vitolewe kabla ya safari. Kadi nzito inayoning'inia ndani ya kasha kwa barabara yote mpaka gati la Mokowe hung'oa tundu lake. Kioo kitolewe, kifungwe peke yake kwenye godoro jembamba na kusimamishwa wima. Kwenye boti kaa na boksi mwenyewe, mbali na upande unaopigwa na maji, ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Ikifika gatini, nakushauri ubebewe kwa mikono mpaka Mkomani. Punda ni mwema, lakini shogi halina springi.

Niandikie tena kabla ya kulipa, unitajie namba ile ya kwenye menyu ya kamera na alichosema fundi umeme kuhusu ethi. Kama kamera yako ni ya 4:2:0, tutaweza kupunguza kwenye kadi na kukuongezea diski.